Kioo Kwenye Ufa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa mgongo. Shemeji aliniambia kwamba daktari amekukataza kubeba mifuko ya saruji, nawe ukamwuliza yeye ataanza lini kukubebea. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka katibu muhtasi akachungulia. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwaka wa sita huu tangu nipewe ukuu wa chuo, na bado sijazoea. Nikiingia mkutanoni watu wanasimama. Nikisema upuuzi wanauandika. Wiki iliyopita nilikosea hesabu makusudi mbele ya wahandisi wanne niliowafundisha mwenyewe, na wote wakaitikia kwa kichwa. Nyumba niliyopewa ina vyumba saba: nalala katika kimoja, nala chakula katika kingine, vingine navipita tu. Nina upweke, kaka, sikufichi.

Unaukumbuka ule ukumbi wa mihadhara niliouchora mimi, nawe ukaanza kuujengea msingi. Ndio ulionipa jina, hata huu ukuu. Mwaka huu ukuta wake wa nyuma umepata ufa. Nikafanya kama tufanyavyo wahandisi: nikabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima, ukisogea, kinavunjika. Kila asubuhi, kabla wafagiaji hawajafika, nilikwenda kukitazama. Kilivunjika. Nikabandika kingine, nikanyamaza. Nacho kikavunjika. Cha tatu kilivunjika juzi, wanafunzi mia nne wakiwa ndani wanafanya mtihani. Usinitajie ule msemo wa ufa na ukuta; nimeshajitajia vya kutosha. Jana niliufunga ukumbi.

Sasa lile nililolikimbia kwa miaka kumi na tisa. Ulinifuata pale msingini ukaniambia palikuwa shimo la taka, udongo ni wa kujazia, tuchimbe zaidi. Vibarua walikuwa wanasikiliza, na shahada yangu ilikuwa bado mpya; nikaona haya kurekebishwa na fundi. Kesho yake msimamizi akakuachisha kazi, nawe unamlaani mpaka leo. Kaka, yule mzee hana kosa. Nilimwagiza mimi. Kisha jioni nikaja kwako kukupa pole, na shemeji akanipakulia chakula, nikala.

Baraza la chuo linakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Huenda wakanivua ukuu, na watakuwa na haki. Katika taarifa yangu nimeandika kwamba fundi alionya, nami nikaamuru afukuzwe. Mahali pa kusema fundi huyo ni nani nimepaacha wazi. Ukiniruhusu kuandika kwamba ni kaka yangu, nipigie simu. Kama hutaki tena kuitwa hivyo, usipige, nitaelewa.

Msalimie shemeji, umsomee barua hii yote bila kuruka mstari.

Ni mimi, mdogo wako.