Kompyuta Nzito na Mkono wa Baba

Jumapili, Lemara. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika na nguo hazikauki. Nimelia leo, na kompyuta nimeiacha mbovu kama ilivyo.

Nianze na kompyuta. Ijumaa niliusasisha mfumo, nikijiona mtu makini. Umakini gani! Ikaingia maktaba mpya ya michoro, ile ambayo programu zote huitegemea kuchora vitu kwenye skrini, na tangu hapo kila kitu kizito. Ukiburuta dirisha, linakuja nyuma ya kipanya kama ng'ombe asiyetaka josho.

Jana nilihangaika nayo. Nikazima madoido yote, nikapunguza rangi, nikafungua kasha nikapuliza vumbi kwenye feni. Wapi! Mwishowe nikauuliza mfumo wenyewe ni nani anayechora, ukajibu: prosesa, ubongo wa kompyuta wenye kazi zake nyingine. Kumbe maktaba mpya haiitambui tena kadi yangu ya picha, ya mtumba, na mzigo wote umeangukia prosesa. Dawa ni kurudisha maktaba ya zamani, ambayo ninayo kwenye CD. Nikapanga kuirudisha leo baada ya ibada.

Dada yangu Naserian akaniwahi.

Alikuja kutoka Olasiti peke yake. Baba tumemzika mwezi uliopita, na alitaka kuuona mkanda wa sendofu yake, sherehe ya kumuaga alipoolewa, niliouhamishia kwenye kompyuta, maana humo ndimo Baba bado anatembea. Nilijua anachokitafuta. Baba hakuipenda ile ndoa. Alitaka mkwe wa huku kwetu, si kijana wa Tanga. Siku ile wazee wetu wa Kiarusha walipita mmoja mmoja kumtemea bibi harusi mate ya baraka kichwani. Naserian alikuwa ameinamisha macho, amejifunika mtandio. Miaka yote ameamini kwamba Baba alipita tu bila kutema. Hakuwahi kumuuliza, na Baba hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mkanda wenyewe haukuwahi kutusaidia. Baba anapita kufumba na kufumbua, halafu mpiga picha anageukia keki.

Leo ulijikokota. Sauti ilitangulia, picha zikafuata moja moja, kila moja ikikaa kwanza kabla ya kuipisha nyingine. Nikaona aibu.

"Subiri dada, niitengeneze kwanza."

"Acha. Usiguse."

Baba akafika. Mkono wake ukainuka juu ya kichwa cha Naserian, ukabaki hewani. Picha iliyofuata, ameinama. Iliyofuata, midomo imekunjwa. Halafu macho yamefumbwa, na matone madogo yanaonekana kabisa mbele ya taa ya kamera.

Alitema.

Naserian alijishika kichwani, mahali palepale. Kisha akalia kwa namna ambayo hakulia makaburini, na mimi nikashindwa kujizuia.

Ameshaondoka. CD iko hapa mezani. Nikiirudisha ile maktaba, kompyuta itakuwa nyepesi kama zamani, na Baba atapita tena kufumba na kufumbua. Nitairudisha tu, kazi za watu zinanisubiri.

Ila kesho Naserian anawaleta watoto wake, wamwone babu yao akimbariki mama yao. Kazi za watu zitangoja mpaka Jumanne.