Kapteni Mkweli Amekatiwa Maji

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na naomba haraka, maana malori yanaondoka Ijumaa asubuhi na mimi ndiye ninayesimamia upakiaji. Mimi ni sajenti, mshika funguo wa bohari ya jeshi, na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, yuko mlimani na kombania yake mahali pasipo na kisima wala mto, kila tone wanalokunywa linapanda kwa malori yetu. Sasa Shangazi, kwetu vitu haviombwi hivi hivi, kombania inaomba kwa batalioni, batalioni inapeleka brigedi, brigedi inapeleka kamandi ya ugavi, na kamandi ndiyo inayotuambia sisi wa bohari tupakie nini, na kwa kuwa meja wa ugavi anajua kila kombania huongeza chumvi, yeye hukata nusu bila kuuliza, na kwa kuwa kombania zinajua atakata, zinaomba mara mbili, basi mchezo umezoeleka na watu wanakunywa maji. Lakini mdogo wangu kapata kapteni mpya, mtu mnyoofu kama rula, ameomba kile hasa anachohitaji, na meja akakata nusu kama kawaida yake, mzigo uliopita ulifika nusu na wa Ijumaa umekatwa vilevile. Mdogo wangu kapiga simu, "Dada, tunagawiwa maji kwa kifuniko cha chupa, na funguo unazo wewe!" Mama naye hanisemeshi. Kombania ya bondeni imeomba kama inataka kuogelea, kwa hiyo nimeshatenga madumu yao pembeni, nataka kuyapandisha lori la mlimani, nani atajua? Nikimwendea meja ataniambia alichomwambia aliyenitangulia, "Bohari haifikiri, bohari inapakia." Nimeamua kumwokoa ndugu yangu, nataka tu uniambie sikosei.

Mshika Funguo

*

Mshika Funguo, unakosea.

Pole, mwanangu. Damu nzito kuliko maji, wanasema, ila safari hii maji yenyewe ndiyo mazito. Mume wangu aliendesha malori hayo mpaka akastaafu, kwa hiyo huu mchezo wenu naujua. Hao wa bondeni waliomba mara mbili, sawa. Si wamekatwa nusu? Basi kilichobaki ndicho wanachokunywa! Umenieleza mwenyewe, halafu hasira ikakuziba masikio. Na huko bondeni nako kuna kitinda mimba wa mtu.

Tena tuseme umefanikiwa. Mlimani watanyamaza, meja ataamini nusu inatosha, na mzigo ujao atakata tena. Utahamisha madumu mpaka lini?

Rudisha madumu ya watu leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kesho asubuhi mwombe mkuu wa bohari mfuatane kwa meja, maana kwenu ngazi hairukwi, na wewe usiiruke. Piga saluti. Usilie, usimtaje mdogo wako. Sema: "Afande, kombania ya mlimani haikuongeza hata dumu moja. Naomba waulizwe kwa redio wako wangapi na maji yamebaki kiasi gani, kisha uamue." Akikwambia bohari haifikiri, jibu, "Ndiyo afande, lakini bohari ndiyo inayoona lori la mlimani likiondoka nusu tupu." Akikataa, mwombe hapo hapo ruhusa ya kumwona mkubwa wake. Mtu aliyezoea kukata huamka akiambiwa anamkata nani.

Naye mdogo wako mwambie hivi: kapteni wake apige kelele leo kwa batalioni, kwa njia yao, si kwa dada za watu. Ukweli wake ni mzuri, ila ukweli uliokaa kimya haujazi dumu.

Mama akinuna, mwache anune mpaka Jumamosi. Wewe Ijumaa hakikisha lori la mlimani limejaa, na la bondeni halijapungua. Funguo ulizopewa ni za bohari tu. Mlango wa meja hufunguka kwa kubisha, basi kabishe.