Sufuri ya Topido

Abaayo Halima, dada yangu,

Salamu kutoka Wajir, ambako jua linakausha hata wino wa kalamu hii. Daktari alinikataza safari, lakini sikutaka kuzikwa na sufuri niliyompa mwanafunzi wangu Abdi.

Aliandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba topido za mwanzo, yale mabomu ya kuzamisha meli, zilifungwa kwenye ncha ya mti mrefu, mashua ikaenda kuidunga meli nao. Nikawaambia wenzake, "Huyu anachunga meli kwa fimbo, kama ngamia!" Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona bahari. Abdi akaacha shule. Baadaye nilisoma kwamba alikuwa sahihi, nikanyamaza miaka yote hii.

Leo nimemwomba msamaha zizini kwake. Amecheka sana. "Maalim, ungenipa alama ningekuwa mwalimu kama wewe. Hawa ngamia ningewapata wapi?"

Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi ile ile, imekunjwa ndani ya nailoni. "Sahihisha."

Nikaandika kumi. Akaitazama muda mrefu, na hakucheka tena.

Niombee uhai kidogo, abaayo. Nilifundisha watoto wengi.

Kaka yako akupendaye,
Yusuf