Marahaba Iliyonitoka

Mikumi, Jumatatu jioni. Mvua imekatika wakati geti la depo linafungwa, ikaacha matope na kumbikumbi. Moyo wangu uko upande wa matope.

Leo ilikuwa siku ya kuchagua ruti, na kesho tunaanza nazo.

Kwa aliyepotea njia mtandaoni akaangukia humu: mimi ni dereva wa lori la soda. Depo yetu ina ruti nne. Ya kwanza ni ya lami. Unapita kwenye baa na gesti za kando ya barabara kuu, unashusha kreti, unakula nyama, na ukiwa na bahati tembo wa hifadhini wanakukatia mbele kama wamelipwa. Ya pili ni Kidodi, ambako unagombea njia na malori ya miwa. Ya tatu ni Kilosa, vumbi kiangazi, utelezi masika. Ya nne ni Vidunda, mlimani. Kule ni kuzuri sana kwa wenyeji, wana ndizi na hewa. Kwa dereva ni klachi, breki na dua.

Serikali ilipoiuza kampuni kwa tajiri, meneja aligawa ruti kwa kuku. Aliyempelekea jogoo alipata lami, aliyepeleka salamu tupu alipanda Vidunda. Mimi sikuwa na kuku, nilikuwa na mdomo. Tukabanana na tajiri kupitia tawi letu la chama cha wafanyakazi mpaka akakubali: kila miezi sita madereva wakae, wachague kwa ukongwe kazini. Aliyeajiriwa mapema anachagua mapema. Siku ile nilijiona mtu mkubwa, nikaenda kununua kofia.

Kwa sheria hiyo, mkongwe wa depo ni mimi.

Na hapo ndipo aibu inapoanzia, maana mkongwe wa kweli ni Mzee Maulidi. Huyu alishika usukani wa kampuni wakati mimi bado nacheza chandimu. Nilipokuja kuwa utingo wake, alinifundisha kuisikiliza injini kwa nyayo za miguu. Siku nilipoparuza ubavu wa lori darajani, alimwambia meneja kwamba aliyeparuza ni yeye. Kampuni ilipouzwa, wazee walipunguzwa, naye akiwemo. Baadaye vijana wakaua giaboksi moja baada ya nyingine, tajiri akamwita arudi. Akarudi kama mwajiriwa mpya. Kwa hiyo katika kuchagua yeye ni wa mwisho. Umri wa mtu haumo kwenye sheria. Nilihakikisha mwenyewe kwamba haumo, nikiogopa meneja asije akatuzushia wazee wake.

Asubuhi nilimkuta anajifunga kitambaa gotini. Goti la kushoto, la klachi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona mvua hiyo?"

"Nimeiona."

Mama Upendo, karani wa stoo na mwenyekiti wa tawi, akanivuta nyuma ya kreti tupu.

"Baba Neema, goti la mzee limejaa maji. Daktari kamwambia milima basi. Akipangiwa Vidunda huyu ataacha kazi, na kwake kuna wajukuu wanamtegemea."

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Masikio yangu hayana tatizo.

Nikajitengenezea mpango wa kijanja. Sheria inaruhusu madereva wawili kubadilishana ruti kabla lori la kwanza halijatoka, mradi wote wakubali. Basi nikasema moyoni: mzee akiniomba, nitampa. Nilikwisha kuandaa hata sura ya kumpa nayo, ile ya mtu anayesema "usijali kabisa." Kilichobaki ni yeye kuomba.

Sasa, shajara, niambie: ni wapi umemwona mtu wa umri ule akimwomba utingo wake mbele za watu?

Jina langu likaitwa la kwanza.

"Lami," nikasema.

Mama Upendo hakuandika. "Sijasikia vizuri, Baba Neema."

Alikuwa amesikia. Depo nzima ilikuwa imesikia. Mama wa watu alikuwa ananifungulia mlango.

"Lami," nikarudia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Sospeter, dereva kijana, akachukua Kidodi. Wa tatu akachukua Kilosa. Likaitwa jina la Mzee Maulidi.

"Taja ruti, mzee."

"Nitaje nini, binti yangu, na imebaki moja? Andika Vidunda. Nyani wa kule nao wana kiu."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikajisikia ninavyocheka.

Jioni hii yote nimejiuliza kwa nini niliing'ang'ania lami. Mgongo wangu mzima. Magoti yangu mazima. Nimezungukazunguka, nimefika kwenye jibu, na jibu linanifanya nitake kuzima mashine hii: kwenye gesti moja ya barabara kuu wananiita Chifu, na kuna kiti wananiwekea chini ya feni.

Kiti.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Wakati wa kutoka kazini, mzee alinisubiri getini, madereva na wapakiaji wote wamesimama. Akavua kofia yake, akaishika kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mkongwe."

Na mdomo wangu, ule ule uliomshinda tajiri, ukajibu wenyewe:

"Marahaba."

Naapa sikuutuma. Watoto wa jirani huniamkia kutwa, nami huitikia bila kuangalia ni nani. Leo nimemwitikia aliyenifundisha kazi. Mtu ambaye tangu nimjue sijawahi kupita mbele yake bila kumwamkia.

"Ee! Kaitikia!" Sospeter akapiga kelele. Wazazi wake walihamia huku na mifugo kutoka kanda ya ziwa. "Kaka, umeitikia kweli? Kwetu kwa hilo ungetoa ng'ombe!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alirudisha kofia kichwani, akaondoka anauvuta mguu, kama mtu aliyepima kina cha mto kwa fimbo akakuta ni kile kile alichodhani.

Nilitaka kumkimbilia. Nilifunga kamba za viatu badala yake. Zilikuwa zimefungwa.

Sheria ile bado naitetea. Meneja akileta habari za kuku kesho, atanikuta. Lakini sheria ilinipa kusema wa kwanza tu. Haikunituma niseme lami. Hilo nililileta mwenyewe kutoka nyumbani, pamoja na ile sura ya "usijali."

Nilifikiria kwenda kwake usiku huu, nimalizane naye barazani, kimya kimya. Halafu nikajikamata: nimemdhalilisha mbele ya depo, nataka kuomba radhi gizani. Ujanja ule ule.

Kwa hiyo ni kesho, getini, kabla lori la kwanza halijatoka, Mama Upendo akishuhudia na Sospeter akiwa na mdomo wake. Sitasema nampa lami, maana anayetoa ni mkubwa. Nitasema naomba Vidunda. Anaweza kunikatalia, sheria inampa haki hiyo, na nikimjua mzee yule, kukataa anakuweza.

Nitaanza na shikamoo. Akiitikia, nitaomba Vidunda.

Asipoitikia, nitaomba Vidunda vilevile.