Plaiwudi Kwenye Sufuria ya Maharage

Jumapili, Visiga

...na bado nyumba inanuka gundi.

Muuza mbao wa Sofu aliniapia kwamba plaiwudi zake zote mbili haziogopi maji. Nikamwomba kipande cha kila moja, na leo nimevichemsha jikoni tangu asubuhi nione kama gundi itaachia, mke wangu akiwa kanisani. Kosa langu ni kutumia sufuria yake ya maharage.

Kipande cha bei nafuu kilichambuka kama chapati. Cha pili kikatoka kizima. Nilikuwa nakishangilia ndipo Mama Neema alipoingia, akachungulia sufuria.

"Baba Neema, hii ndiyo mboga ya leo?"

Nikamwambia natafuta mbao ya sitaha ya boti yangu. Mwaka mzima ameicheka boti hiyo iliyokaa uani, maana hapa jirani hatuna hata bwawa. Hata mimi huwa najiuliza kama itafika majini.

Leo hakucheka. Alikilaza kile kizima juu ya matofali mawili, akakipanda kwa miguu yote miwili, akajitingisha kidogo.

"Nunua hii. Mimi sijui kuogelea."

Kumbe siku zote alikuwa anajihesabu abiria.