Mama Alisimama Mbele ya Mkwe, Kumbukumbu Hazisemi

Shangazi Pascalia, nisikilize maana nimechanganyikiwa. Mume wangu Osundwa amefungwa kwa ng'ombe ambaye hakumwiba, na rufaa yake imekaribia kusikizwa, na tulikuwa tumeanza kufurahi hadi wakili, Bi. Jepkoech, aliposoma kumbukumbu za kesi zilizochapwa akakuta ushahidi wa mama yangu haumo hata mstari mmoja, na mama ndiye aliyesema kwamba siku ng'ombe alipoibwa Osundwa alishinda juu ya paa la nyumba ya mama akipigilia mabati, na unajua kwetu mama mkwe hasimami uso kwa uso na mume wa binti yake, lakini siku hiyo mahakamani alisimama, akamtazama, akasema. Sasa wakili anataka tuombe rufaa isimamishwe kwanza, kumbukumbu zirudi kusahihishwa kule kesi ilikosikizwa. Nilipomwambia Osundwa gerezani kwamba wakili anataka kusimamisha rufaa, alisema, "Mimi huku nahesabunga siku, na wewe unaniambia tungoje? Kama umepata mtu huko nje niambie tu, Sylvia, usinizungushe." Muda ukaisha, nikatoka nikilia. Nampenda, Shangazi. Nikikubali tungoje ataniona msaliti, nikikataa naogopa hatatoka.

Sylvia, Shinyalu

Sylvia mwanangu, pole. Kitanda cha wawili ni kipana mno kwa mmoja, najua. Lakini acha nikugombeze kidogo. Ulimpelekea mtu aliyefungwa habari ya kusimamisha rufaa, ukasahau kumpa sababu. Ungekuwa wewe ndani, ungefikiria nini?

Jaji wa rufaa hakuwepo siku ile. Atasoma kilichoandikwa, na kwa sasa ni kama mama yako hakuwahi kufika kortini. Wakili wenu anajua kazi yake. Rufaa haifutwi, inangoja tu.

Rudi gerezani, na safari hii nenda na Jepkoech amweleze mwenyewe, kwa sababu uamuzi ni wa Osundwa, si wako. Mwulize pia wakili kama anaweza kumwombea dhamana wakati mnangoja. Machozi yaache nje, muda wa kuonana ni mfupi. Anza na mama. Mwambie, "Ile siku mama alikutazama akakutetea, hawakuandika." Anajua vile ilivyokuwa vigumu kwa mama yule kuinua macho, naye hatakubali iwe bure.

Na kabla muda haujaisha, mwambie unampenda. Umeniambia mimi, na si mimi niliyefungwa.