Kitanda Kilichopanda Mlima

Mtowisa,
3 Novemba 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na masista wenzako wote hapo Makambako. Huku tunaendelea. Bibi yako Kristiana anakohoa kidogo asubuhi, lakini ugali anamaliza na maneno hayajampungua. Mimi ni mgongo tu, ule ule wa siku zote.

Najua mwaka huu wa unovisi, kabla ya nadhiri, hamshiki simu, na jambo lenyewe sikutaka likufikie kwa mdomo wa Mama Mlezi. Tunahama. Nimestaafu zahanati, wameniaga vizuri kwa kitenge na beseni. Nyumba ya Kizwite, huko juu mjini, imeshaezekwa. Dari hakuna na sakafu ni zege tupu, lakini milango ipo, na fundi Raymond anamalizia madirisha. Ukiiona Kizwite ya sasa hutaijua. Pale tulipokuwa tunakatiza kwenye mashamba ya watu kuna mitaa, nguzo za umeme na duka la vifaa vya ujenzi. Kila nikienda nakuta msingi mpya umechimbwa. Mahindi yamebaki kwenye vijinafasi kati ya nyumba na nyumba.

Niliogopa bibi yako atakataa, maana baba yako, mwanawe, tumemzika huku. Nilipomwambia akauliza, "Kizwite asubuhi bado kuna ukungu?" Nikamwambia upo. Akasema, "Basi twende. Joto la huku bondeni nimelivumilia kwa ajili ya mume, halafu kwa ajili ya mwanangu. Sasa nataka kulala na blanketi."

Kinachoniumiza kichwa ni mizigo. Mjomba wako Nestory anataka nichukue vijana wa mjini anaowajua yeye. Mimi naona nitafute watu wa hapa hapa, wanaoijua barabara ya mlimani. Utuombee.

Mama yako,
Albina


Makambako,
12 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yake. Mimi ni mzima, ila kazi ya bustani na baridi ya hapa vimenipasua mikono. Barua yako kondakta wa basi aliileta mpaka getini, nikaisoma nimesimama.

Nimefurahi kusikia nyumba imesimama. Lakini hao wabebaji wananipa wasiwasi. Kuna mwenzetu hapa ambaye ndugu zake walihama mwaka jana, wakakodi vijana wa kijiweni. Gari lilifika bila televisheni na bila cherehani, na simu za wale vijana zikazimwa hapo hapo. Piga picha gari na namba yake. Uliza nyumbani kwao ni wapi. Na nakuomba sana, bibi asisafiri bila wewe.

Inaniuma, mama. Binti pekee wa nyumba nimekaa huku napalilia kabichi, wewe unafunga masufuria peke yako. Nilimuuliza Mama Mlezi kama naweza kuja hata wiki moja. Alinijibu kwa upole kwamba mwaka huu ukikatwa unaanzwa upya, na kwamba uamuzi ni wangu mwenyewe. Nimebaki. Sijui kama nimebaki kwa moyo mzuri.

Mwanao,
Zita


Mtowisa,
30 Novemba 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la nguo, viti vyote vimeshafungwa kamba.

Watu nimepata. Mkubwa wao ni Mayunga, yule anayebeba magunia kwenye mashine ya mpunga. Mkewe Jenifer alijifungulia mikononi mwangu, watoto wote. Anakuja na mdogo wake Masanja na wenzao wawili, na fuso, lori la mtu anaitwa Ndalahwa. Picha ya gari nimepiga kama ulivyosema. Mayunga alizunguka nyumba nzima akishikashika vitu, akafika chumbani kwa bibi yako, akanyanyua pembe moja ya kile kitanda cha mninga, akakirudisha chini taratibu.

"Bibi, hiki tukuache nacho huku?" akamtania.

"Ukikiacha, na mimi niache," bibi akamjibu.

Mjomba wako amenipigia simu kwa hasira. "Ng'ombe wa kabila lao walimaliza shamba langu la ulezi mwaka jana, leo unawakabidhi na vitanda?" Nikamwambia Mayunga hana hata ndama, angekuwa na ng'ombe asingekuwa anabeba magunia ya watu. Akakata simu.

Sasa lile uliloniomba. Jumatatu fundi Raymond anaondoka kwenda Mpanda, na funguo ni lazima nizipokee mwenyewe kabla hajaondoka. Kwa hiyo mimi natangulia na basi la alfajiri, wao wanafuata baada ya kupakia. Bibi yako basi linamtapisha, unamjua. Anataka kukaa mbele kwenye fuso, dirishani. Nilimwambia Zita hataki usafiri peke yako. Akasema hayuko peke yake, yuko na vyungu vyake.

Leo jioni nimepita kaburini kwa baba yako, nimepalilia, nimemuaga.

Mama yako,
Albina


Kizwite,
3 Desemba 2024, asubuhi

Zita mwanangu,

Hawajafika. Walikuwa wafike jana alasiri. Mayunga alinipigia mara moja wakiwa chini ya mlima, akasema wanaanza kupanda na mvua inaanza. Tangu hapo simu yake haipatikani, ya Ndalahwa haipatikani. Mvua ilinyesha jana mpaka maji yakapita hapa mlangoni.

Mjomba wako amekuja, hakusema neno la lawama, na hilo ndilo limenitisha zaidi. Amechukua pikipiki amekwenda kuwatafuta. Mimi niko kwenye nyumba tupu, gari likipita barabarani nasimama. Nimewasha moto jikoni ili bibi akifika akute joto. Kuni zinaisha.

Pengine ningenyamaza kwanza. Lakini basi linaondoka sasa hivi na sina mwingine wa kumwambia. Omba, mwanangu.

Mama


Makambako,
4 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata jana jioni. Mama Mlezi aliniona usoni akanipa simu yake bila kuuliza. Nimepiga yako, nimepiga ya mjomba, tangu jana mpaka leo hazipatikani zote mbili.

Nakuja. Kesho napelekwa kwa Mama Mkuu kuaga, Ijumaa napanda basi. Mama Mlezi amenikumbusha maana yake, nimemwambia najua. Sitaweza kuimba zaburi hapa huku sijui bibi yuko wapi.

Kama kuna habari mbaya, msinisubiri. Mzikeni pamoja na baba kama alitaka hivyo, au huko kwenye ukungu wake.

Usibebe hili peke yako. Nakuja.

Mwanao,
Zita


Kizwite,
5 Desemba 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo, na kweli tumsifu. Bibi yako mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa. Yuko chumbani kwake, kwenye kitanda chake, amekunywa uji na amelalamika kwamba una maji mengi.

Simu yangu imeloa na namba ya Mama Mlezi imo humo humo, ya mjomba wako imezama kwenye tope. Ndiyo maana naandika tena.

Baada ya basi kuondoka na barua ile, Nestory alirudi. Alikuwa amelikuta fuso kwenye kona mbaya ya mlima, magurudumu ya nyuma yamezama, na Ndalahwa peke yake ameketi kwenye kochi letu chini ya turubai, analinda mali. Akamuuliza, "Mama mzee yuko wapi?" Ndalahwa akajibu, "Wamembeba," na hakujua wamefika wapi. Nestory akanirudishia neno hilo hilo, "Dada, inasemekana wamembeba," na mimi nikalisikia kama wamebeba maiti. Nikapanda pikipiki nyuma yake sina hata kanga ya kujifunika mvua.

Tuliuliza njiani, tukamkuta kwenye zahanati ya kijiji kilichoko juu ya mlima, pale barabara inapotokea tambarare. Amekaa kitandani, na Mayunga, Masanja na wale wenzao wawili wamelala sakafuni kwenye veranda, miguu tope mpaka magotini. Nilimsikiliza kifua kwa masikio yangu mwenyewe. Homa ya mapafu, upande wa kulia. Muuguzi alikuwa ameshamwanzishia sindano. Akaniambia, "Mama, wangesubiri gari litoke, tungekuwa tunaongea mengine."

Mayunga ndiye aliyenieleza. Gari lilipokwama, bibi yako alianza kutetemeka, halafu pumzi ikawa fupi. "Nilimbeba mgongoni," akasema, "akashindwa kabisa kupumua. Akikaa wima ana nafuu. Nikawaza, nitambebaje mtu amekaa? Masanja akasema, tuna kitanda humu ndani." Basi, Zita, wakashusha nusu ya mizigo kwenye mvua ili wakifikie kile kitanda cha mninga. Wakamketisha bibi, wakamkunjia godoro mgongoni, wakamfunga na kanga zangu asiteleze, turubai dogo juu. Wakakiinua mabegani, wakapanda nacho mlima. Njia ile hata kwa pikipiki huwa nashuka mara tatu kutembea kwa woga.

Karibu na kijiji watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani. Wakaona wanaume wanne, kitanda, turubai. Wakasimama pembeni, wanaume wakavua kofia, mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Bibi yako akafunua turubai akauliza, "Nani kafa?" Yule mama alitupa jembe akakimbia. Mayunga anasema ilibidi waweke kitanda chini, kwa sababu Masanja alikuwa anacheka na mabega yalikuwa hayakai sawa.

Juzi hiyo hiyo mchana Nestory alishuka nao tena kwenda kulitoa fuso. Alisukuma mpaka simu ikamtoka mfukoni. Jana wameleta vitu vyote pamoja na bibi; sindano zilizobaki namchoma mwenyewe. Unga umeloa, kiti kimoja kimevunjika mguu, kuku wote wazima. Nilipika ugali mkubwa, tukala kwenye nyumba mpya bila meza. Mjomba wako na Mayunga walikula sahani moja. Nilisikia wanazungumza habari za ulezi na ng'ombe. Sijui walifikia wapi, ila sauti hazikupanda.

Leo asubuhi ukungu ulishuka mpaka dirishani. Bibi amejifunika mablanketi mawili, analalamika baridi, na anafurahi. Mimi nililala mpaka jua likanikuta kitandani, jambo ambalo sikumbuki lini limetokea mara ya mwisho.

Nakujua, najua ulichowaza uliposoma barua yangu ya Jumanne. Usije. Hapa tuna watu. Kaa umalize ulichokianza.

Mama yako anayekupenda,
Albina


Makambako,
7 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na kwa bibi shikamoo kubwa. Pole na yote. Wafikishie salamu zangu Mayunga na Masanja, na mjomba, na huyo Ndalahwa aliyelinda kochi.

Barua yako ilinikuta stendi. Nilikuwa nimeshaaga, nimeshavua vazi la unovisi, nimevaa lile gauni la bluu nililokuja nalo, nasubiri basi la kwenda kwenu. La kutoka kwenu ndilo lililotangulia. Kondakta aliponiona akapunga mkono dirishani na bahasha. Niliishika muda bila kuifungua. Nikakaa juu ya begi langu, nikasoma mstari wa kwanza, na kilichofuata ni kwamba nililia mbele ya stendi nzima. Nilipofika kwa yule mama aliyetupa jembe nikaanza kucheka. Muuza chai akanisogelea, akaniuliza kama aniitie mtu. Nikamwambia bibi yangu mzima. Akasema, "Sasa mbona unalia?" akanimiminia kikombe.

Basi langu lilikuja, likapakia, likaondoka. Nililitazama mpaka likapotea. Sikubaki kwa sababu umeniambia, mama. Nilipojua ninaweza kuja, na kwamba hakuna anayenihitaji nije, ndipo nikajua ninataka kuwa wapi.

Nikarudi kwa miguu, begi kichwani. Nilidhani nitaambiwa nianze upya, na njiani nilikuwa nimekwisha kulikubali hilo. Mama Mlezi alikuwa bustanini amechuchumaa, anapalilia. Alinitazama, akalitazama gauni langu. Akasogea upande wa pili wa tuta, akanipisha nafasi.

Mwanao,
Zita